Baba anavuta sigara, ameuziwa kopo la antioksidanti kwa laki na themanini. Kwani mboga za sokoni hazitoshi?

BintiWaMoro

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie maana nimechanganyikiwa na sina wa kumuuliza hapa karibu. Baba yangu ana miaka 64, yuko Morogoro, amevuta sigara tangu ujana wake. Alishapunguza kutoka pakiti nzima mpaka sita saba kwa siku lakini kuacha kabisa hajawahi. Ana presha, anameza dawa zake na kale kaaspirini kadogo alikopewa kliniki. Sasa mwezi uliopita kuna dada mmoja wanasali naye jumuiya moja akaja nyumbani na kopo la vidonge, akamwambia ni antioksidanti, eti zinafagia sumu ya sigara kwenye mapafu, zinazuia kansa na zinarudisha seli zilizozeeka, baba akatoa laki na themanini ya kopo la miezi miwili. Ilikuwa hela ya mbolea.

Nilienda wikiendi nikalikuta mezani pembeni ya redio, nikalisoma lote. Kwa siku anameza vidonge viwili, na hivyo viwili jumla vina beta-karotini miligramu 15, vitamini E yuniti 400 (IU), seleniamu mikrogramu 200 na vitamini C miligramu 1000. Hela inauma lakini kilichonitisha zaidi ni kauli ya baba mwenyewe, kawasha sigara ananiambia "mwanangu sasa hivi hata nikivuta hainidhuru, hizi zinasafisha". Na mama kaninong'oneza jikoni kwamba tangu aanze hivyo vidonge amerudi kwenye sigara kumi.

Nikamwambia baba mbona mchicha na karoti na machungwa navyo vina hizo hizo antioksidanti, akasema vyakula vya siku hizi havina nguvu, ardhi imechoka, ndivyo alivyoambiwa na yule dada. Sasa wakuu hivi hizi antioksidanti ni kitu gani hasa, chakula cha kawaida kinatosha au hakitoshi, na je kuna ubaya wowote mtu anayevuta akizimeza? Naomba mtu anayejua kweli, sio wa kuniuzia kopo lingine.

Msafiri_Kahama

Pole sana dada. Hakuna kidonge cha kufuta moshi, mzee aache tu sigara. Na hiyo laki na themanini angekula mapera mpaka msimu uishe. Ngoja waje wataalamu, nafuatilia.

MfamasiaWaKona

Dada, mimi nipo kaunta ya dawa mwaka wa 17 huu na swali lako limenigusa kwa sababu kila wiki naulizwa na mtu mwenye kopo mkononi. Nitaandika kirefu, vumilia.

Mwili ukitumia oksijeni kuchoma chakula upate nguvu kunabaki vipande vinaitwa radikali huru, yaani molekyuli iliyopungukiwa elektroni, na kwa vile haitulii inamnyang'anya jirani yake, jirani naye anaenda kumnyang'anya mwingine, uharibifu unasambaa hivyo hivyo kama kutu kwenye bati. Moshi wa sigara unaingiza hizo kwa wingi mno, kila mvuto mmoja. Antioksidanti ni kitu chochote kinachoweza kutoa elektroni na chenyewe kisigeuke kuwa hatari, kwa hiyo mnyororo unakatika. Nyingi mwili unazitengeneza wenyewe, zilizobaki zinatoka kwenye chakula: vitamini C, vitamini E, karotini za mboga na matunda yenye rangi, na zile za kwenye chai, kahawa, maharage mekundu, zabibu. Mpaka hapo yule dada wa jumuiya hajadanganya.

Alipopotosha ni pale anapofanya kama radikali huru ni takataka tupu ya kufagiwa yote. Chembe nyeupe zako za damu zinazitengeneza makusudi ili ziue bakteria. Mwili unataka mizani, na ukimwaga dozi kubwa ya kitu kimoja unaweza kuivuruga hiyo mizani badala ya kuisaidia.

Sasa sikiliza hili kwa makini kwa ajili ya mzee. Miaka ya 80 watafiti waliona watu wanaokula mboga na matunda kwa wingi wanapata kansa ya mapafu kidogo kuliko wengine, wakasema lazima itakuwa beta-karotini, ngoja tuitoe kwenye karoti tuiweke kwenye kidonge. Finland wakachukua wanaume 29,133, wote wavutaji, umri miaka 50 hadi 69, yaani wazee kama baba yako kabisa. Wengine wakapewa beta-karotini miligramu 20 kwa siku, wengine vitamini E, wengine vyote viwili, wengine kidonge kitupu, kwa miaka mitano mpaka minane. Majibu yalitoka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata kansa ya mapafu kwa asilimia 18 ZAIDI, na vifo kwa ujumla vikawa zaidi kwa asilimia 8. Kulikuwa na utafiti mwingine Marekani, watu zaidi ya 18,000, wavutaji, walioacha na waliofanya kazi kwenye vumbi la asbesto, wao wakapewa beta-karotini miligramu 30 pamoja na vitamini A, na huo ulisimamishwa Januari 1996 miezi 21 kabla ya muda wake kwa sababu kansa ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 kwa waliokuwa wanameza.

Baba yako anameza miligramu 15 na anavuta. Dada yangu, hicho kidonge asikimeze.

Kwa nini karoti haiui na kidonge kinadhuru? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba beta-karotini ikijaa kwenye pafu lililojaa moshi na yenyewe inachomwa, mabaki yake yanageuka kuwa ya kudhuru. Karoti haifikishi huko kwa sababu karotini yake imefungwa ndani ya nyuzi, inafyonzwa kidogo kidogo, na inakuja na mamia ya vitu vingine. Ya kidonge imeshayeyushwa tayari inaingia yote kwa mkupuo.

Hiyo vitamini E IU 400 na seleniamu 200 nazo nazijua hizo namba, ni dozi zile zile walizopewa wanaume elfu 35 na zaidi kwenye utafiti wa tezi dume uliofanyika Marekani na Canada. Walitegemea zitazuia kansa ya tezi dume, lakini mwaka 2011 ikaonekana waliomeza vitamini E peke yake wamepata kansa hiyo kwa asilimia 17 zaidi. Halafu vitamini E nyingi inafanya damu ichelewe kuganda, na mzee tayari yuko kwenye aspirini. Muulize kama anatoka damu kwenye fizi au puani.

Vitamini C 1000 ndiyo yenye nafuu kidogo, ila nayo ukimeza nyingi hivyo mwili haufyonzi yote, na ziada ya iliyofyonzwa inatoka na mkojo, na kwa wanaume dozi hizo zimehusishwa na mawe kwenye figo. Mwanaume mzima anahitaji kama miligramu 90 kwa siku, mvutaji aongeze 35. Pera gramu 100 lina zaidi ya 200. Pera moja tu dada, limemaliza siku nzima na chenji.

Usimwage hilo kopo, mpeleke nalo kliniki daktari alisome mwenyewe. Na usimtishe mzee kwamba ameshajiua, wale Wafini walimeza miaka na miaka, yeye ana mwezi mmoja, na hata kwao baada ya kuacha vidonge ile hatari ya ziada iliisha taratibu.

Kijana_Chumbageni

Mfamasia nakuheshimu sana ila naona unafunga mlango wote. Mama yangu mzazi alipimwa macho, akakutwa na tatizo la retina kuchoka katikati kwa sababu ya umri, daktari bingwa akamwandikia vidonge ambavyo ndani yake kuna vitamini C, E na zinki, na ni antioksidanti hizo hizo. Anatumia mwaka wa pili na daktari anasema hali haijaongezeka. Sasa tuseme daktari naye kakosea? Watu wakisoma hapa wataenda kuwanyang'anya wazazi wao dawa za maana.

MfamasiaWaKona

Kaka umefanya vizuri kusema na mama asiache vidonge vyake. Hiyo dawa ina utafiti wake, Marekani, na ilionekana kweli inachelewesha tatizo hilo lisifike hatua mbaya kwa watu ambao tayari limeshafika hatua ya kati. Hapo kuna ugonjwa uliopimwa, kuna dozi iliyojaribiwa kwa ugonjwa huo huo, kuna daktari anafuatilia. Na angalia jambo moja, mchanganyiko wa mwanzo wa dawa hiyo ulikuwa na beta-karotini, ulipofanyika utafiti wa pili uliotoka 2013 wakaiondoa na kuweka luteini na zeaksanthini, ambazo ni ndugu wengine wa karotini, na sababu kubwa ilikuwa wavutaji na waliowahi kuvuta. Kwa hiyo soma lebo ya mama, kama amewahi kuvuta hakikisha ni ile mpya.

Mimi ninachopinga ni mtu ambaye hajapimwa kitu kuuziwa dozi kubwa kwa miezi na miezi kwa maneno ya sebuleni.

Kijana_Chumbageni

Hapo nimekuelewa mkuu. Hajawahi kuvuta ila jioni nitaisoma lebo.

MamaUjiji

Mwanangu BintiWaMoro, mimi sio daktari, ni mpishi, nimepika shuleni miaka mingi na nimesoma semina za lishe zilizokuja kwetu, nataka nikwambie upande wa sufuria maana hapo ndipo tunapopoteza hizo antioksidanti wenyewe halafu tunasema ardhi imechoka.

Mchicha watu wanaukata kwanza, ndio wanauosha kwenye beseni, wanausugua mpaka maji yanakuwa kijani, wanauchemsha nusu saa, wanamwaga maji, ndio wanaunga. Sasa umekula nini hapo? Vitamini C inayeyuka kwenye maji na inakufa na moto, yote umeimwaga uani. Osha majani mazima, kata wakati sufuria iko tayari motoni, weka maji kidogo sana au usiweke kabisa kwa sababu mchicha una maji yake, funika, dakika tano unaipua ungali na rangi. Halafu weka karanga za kusaga au tui la nazi au kijiko cha mafuta, na hii mafuta sio ya utamu peke yake, karotini haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Mtu anayekula mchicha wa kuchemsha mkavu kwa sababu anaogopa mafuta nyingi anaipitisha tu tumboni.

Nyanya nayo ni kinyume na vile watu wanavyodhani, ile rangi yake nyekundu inaitwa likopini, na nyanya iliyopikwa kwenye mafuta mpaka ikawa rojo inatoa likopini kuliko mbichi, kwa sababu moto unavunja zile kuta zilizoifungia. Ila vitamini C yake inapungua kwa moto. Kwa hiyo mimi nyumbani napika rojo na pembeni nakata kachumbari ya nyanya mbichi na kitunguu na ndimu, nakuwa nimechukua zote.

Kisamvu hicho huwezi kukifanyia haraka, lazima utwange na uchemshe muda mrefu sumu yake itoke, vitamini C haibaki lakini karotini unayo nyingi. Baada ya kisamvu mpe mtu pera au chungwa basi.

Na sisi huku Kigoma tuna mawese, mafuta mekundu, wekundu wote ule ni karotini na ndani kuna vitamini E ya kutosha. Lakini wamama wetu wanayaweka jikoni yanaunguzwa mpaka yanafuka moshi na kugeuka meupe, eti yaondoke harufu. Ukiona wekundu umeondoka ujue karotini imeungua, umebakiwa na mafuta ya kawaida yanayogandisha mishipa. Pasha moto kidogo, tia kitunguu, endelea. Na kwa mzee mwenye presha ni kijiko kimoja, nusu ya mafuta hayo ni ya aina ile inayoganda, usimmiminie kama supu.

Muwekee mzee viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani. Achemshiwe na maganda yake, amenye mezani. Wataalamu walivyosambaza viazi hivyo Afrika walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, mmoja wao ni Robert Mwanga wa Uganda hapo jirani, kwa sababu kiazi kimoja tu cha ukubwa wa ngumi kinampa mtoto karotini ya kutengeneza vitamini A ya siku nzima.

MfamasiaWaKona

Mama Ujiji nimekukubali mia kwa mia. Niongezee hapo kwenye ardhi kuchoka: seleniamu kweli inategemea udongo, mahindi ya udongo wenye seleniamu kidogo yanakuwa nayo kidogo, lakini dagaa, samaki na mayai vinafidia. Vitamini C na karotini mmea unazitengeneza wenyewe kwa jua, havichotwi ardhini. Kwa hiyo lile neno alilouziwa mzee halisimami.

Nassor_wa_Wete

Assalamu alaykum. Mie ni mtu wa karafuu, nimezaliwa chini ya mkarafuu, na hili la antioksidanti linatuhusu sana sie wa Pemba kwa sababu kila mwaka wanakuja watu wanatuambia karafuu ndio namba moja duniani kwa antioksidanti, basi kunywa mafuta yake, tafuna vijiko, na wengine washaanza kutia kwenye vichupa na kuuza kwa bei kubwa.

Namba hizo zinatoka kwenye majedwali ya maabara. Unachukua chakula, unakitia ndani ya chupa, unapima kinazima radikali huru kiasi gani. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali lake kubwa la namna hiyo, mwaka 2012 ikaliondoa wenyewe, ikasema kampuni zinalitumia vibaya kuuzia bidhaa na kwamba kinachotokea chupani hakisemi kitakachotokea mwilini. Na jengine, wamepima kwa gramu 100. Nani anakula gramu 100 za karafuu? Pilau la watu sita unatia karafuu kumi, hazifiki hata gramu mbili, na ukitia zaidi pilau halilika.

Mie naipenda karafuu yetu na nataka iuzwe kwa haki, harufu yake tu siku ya kuanika, jamvi zima uwanjani limekuwa jekundu la udongo, kitu kikubwa. Tieni kwenye chai, kwenye pilau, kwenye urojo, ni nzuri na ina faida yake kidogo kidogo pamoja na viungo vyengine. Lakini mafuta ya karafuu si ya kunywa, hasa kwa mtoto, yanapiga ini. Nakuombeni msimpe mtu kwa sababu kasoma kwenye simu kuwa ni namba moja.

Ubuyu_na_Barafu

Na ubuyu je? Nasikia una vitamini C kuliko chungwa.

MamaUjiji

Ubuyu wenyewe ule unga mweupe wa ndani ndio, una vitamini C nzuri sana. Ule mwekundu wa kwenye vipakti vya watoto ni sukari na rangi, huo usimhesabie mzee. Chukua unga wa ubuyu, koroga kwenye maji ya baridi au uji ukishapoa, ukichemsha umeua ulichokuwa unakitafuta.

Wekesa_KK

Hujambo ndugu zangu kutoka Kakamega. Nimesoma hii yote na nataka kuongeza kitu moja venye sisi hapa tulijifunza kwa njia ngumu. Bibi yangu, yaani mke wangu, akiwa na mimba ya pili aliambiwa kliniki damu iko chini, na tulikuwa tunakula mboga za kienyeji kila siku, managu, saga, mrenda, mitoo, sasa tukashangaa. Nurse akatuuliza tunakunywa nini na chakula. Chai. Chai ya majani, asubuhi, mchana na jioni, pamoja na ugali na mboga. Akatuambia zile antioksidanti za chai ambazo watu wanasifu, hizo hizo zinashika madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharage na kuyazuia yasiingie kwa damu. Tukatenganisha, chai saa moja na kitu baada ya chakula, na kwa sahani tukaweka kipande cha chungwa au ndimu kwa sababu vitamini C inasaidia chuma kuingia. Alimeza pia tembe za chuma alizopewa, siwezi sema ni chungwa peke yake, lakini alipopimwa tena damu ilikuwa imepanda na mtoto alizaliwa salama, sasa yuko darasa la pili.

Naandika hii ndio watu waelewe kitu kuitwa antioksidanti haimaanishi kila saa ni nzuri kwa kila mtu. Mzee wa Morogoro anaweza kunywa chai yake bila shida. Mama mjamzito aitenganishe na chakula.

BintiWaMoro

Nimesoma yote nikalia kidogo, asanteni sana. Mfamasia naomba nikuulize vitu viwili. Fizi ni kweli, mama anasema asubuhi akipiga mswaki sinki linakuwa na damu, hiyo ni vitamini E au ni nini? Na la pili, nikimwambia baba aache vidonge atasema basi nimemwachia sigara bila kinga. Nimjibuje?

MfamasiaWaKona

Fizi usibuni dada na mimi sitabuni. Inaweza kuwa ugonjwa wa fizi wenyewe, wavutaji wanao sana. Inaweza kuwa aspirini na vitamini E vimekutana. Vidonge avisimamishe leo, aspirini asiiache bila daktari, na wiki hii aonwe. Waambie na habari ya sigara kumi, usiifiche.

La pili, mwambie kinga iko kwenye kuacha na sio kwenye kopo. Akiacha sigara, hatari ya mshtuko wa moyo inaanza kushuka mapema, ndani ya mwaka mmoja au miwili imeshashuka sana. Kansa ya mapafu inachukua muda mrefu, miaka kumi mpaka 15 hatari yake inakuwa kama nusu ya mtu anayeendelea. Ana miaka 64, hiyo miaka anayo. Na umsomee habari ya wale Wafini polepole, umwambie walikuwa watu wa umri wake, wavutaji kama yeye, walioamini kitu kile kile alichokiamini yeye, na hata madaktari wao waliamini. Asijione amedanganywa kama mtoto. Wazee wakiona aibu wanakaza.

Upande wa chakula, Shirika la Afya Duniani linasema angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, viazi na muhogo havihesabiwi humo. Kwa lugha ya jikoni ni kama bakuli moja la mboga za majani mchana, jingine jioni, na matunda mawili. Kwa Morogoro hilo halimshindi mtu.

BintiWaMoro

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimekaa wiki mbili kimya.

Tulimpeleka kliniki Jumanne ile. Daktari alisoma lebo ya kopo kwa muda, akamuuliza baba "mzee bado unavuta?", baba akajibu ndiyo, daktari akalisukuma kopo pembeni akasema hizi hapana. Fizi wamesema ni ugonjwa wa fizi, amesafishwa na amepewa dawa ya kusukutua, lakini wakasema vitamini E ilikuwa inaongeza damu kutoka. Presha ilikuwa juu kidogo.

Njiani kurudi nilimsomea baba yale ya Finland kwenye bajaji, nikasoma taratibu kama Mfamasia alivyosema. Alinyamaza mpaka tulipofika kwenye geti, akaniuliza, "hao elfu ishirini na tisa wote walikuwa wanavuta?" Nikamwambia wote baba. Akaingia ndani hakusema kitu. Jioni mama akaniambia amevuta mbili tu siku hiyo. Leo asubuhi nimeongea naye kwenye simu anasema yuko kwenye nne, ya usiku ndio inamshinda. Kliniki wamempa tarehe ya kuongea na mtu wa ushauri wa kuacha.

Yule dada wa jumuiya amekataa kurudisha hela, anasema kopo limeshafunguliwa. Mama amelifunga kwenye mfuko mweusi ameliweka juu ya kabati, hataki hata kulitupa jalalani asije mtoto wa mtu akaliokota.

Nimewanunulia sado ya mapera na mama sasa anapika mchicha dakika tano, baba analalamika unamkwaruza meno, mama anamwambia tafuna. Anataka kupanda viazi lishe kwenye kile kipande cha shamba kilichokosa mbolea. Mama Ujiji, marando yake naweza kuyapata wapi hapa Moro, au yanatumwa kwa basi?

MamaUjiji

Usitumiwe kwa basi, yanafika yamenyauka. Nenda kwa afisa ugani wa kata yenu, atakwambia nani analima marando safi yasiyo na ugonjwa hapo hapo karibu. Kata pingili za sentimita 30, panda zikiwa mbichi siku hiyo hiyo au kesho yake, na usisubiri mvua iishe.

BintiWaMoro

Kesho asubuhi naenda kata. Asante mama.